Aliyekuja Chumvini Kusomewa Barua

Watu wakisikia kuna mtu anataka kusimulia mambo ya ajabu, hujiweka sawa wakingoja usiku wa giza, mbwa abweke na taa izimike. Basi mimi kwangu giza halikuwapo. Jua lilikuwa la utosi, na pale nilipokuwa palikuwa peupe kuliko kanzu ya Idi. Sikuwa na homa, wala njaa, maana mahamri yangu na mbaazi nilikuwa nimekwisha kula. Nilikuwa macho kama hivi ninavyozungumza nawe. Ukitaka kuamini, amini. Usipotaka, sikiliza tu, kusikiliza hakuna hasara.

Ilikuwa miaka ya themanini. Mimi ni mzaliwa wa Malindi, wa mji wa kale, na wakati huo nilikuwa nimetoka Mombasa kujifunza uhazili. Kazi zilikuwa adimu. Mjomba akazungumza na huyu na yule, nikapata nafasi kwenye kiwanda kimoja cha chumvi upande wa Gongoni. Jina la kiwanda nitaliacha, maana wenyewe wangali hai na mimi sina ugomvi nao.

Nilidhani nitakaa mbele ya taipureta nipige barua kama wasichana wengine. Kumbe meneja, Bwana Nurdin, alikuwa na jambo jingine kichwani. Alinipeleka kwenye ofisi ya zamani, nyumba ndogo ya mawe iliyosimama peke yake katikati ya majaruba, yale mabwawa ya kina kifupi wanamotegea maji ya bahari yakauke yaache chumvi. Kuifikia lazima upite juu ya tuta moja tu, na mwanzo wa tuta lile palikuwa na kibanda cha askari. Ndani mlijaa karatasi. Barua za tangu kiwanda kilipoanza, zimefungwa kwa kamba za katani, nyingine zimeliwa na mchwa, nyingine zimegandana kwa unyevu wa chumvi.

"Binti," akaniambia, "kuna watu wa Nairobi wanaoweka karatasi za zamani za nchi. Wamesikia habari za kiwanda chetu, wanakuja kuzitazama. Nataka wakute zimepangwa. Barua za wanunuzi upande huu, barua za mashine upande huu, za meli upande huu. Waone tumetoka wapi."

Na mimi nikaipenda kazi ile, wallahi. Sijui nikueleze vipi. Unashika barua ambayo aliyeiandika hayupo tena, anabishana na mtu wa Zanzibar juu ya magunia yaliyolowa, na unamwona kabisa alivyokuwa amekasirika. Nilifuta vumbi, nikazikausha kurasa kivulini, nikazitia majani ya mwarobaini katikati kufukuza wadudu. Siku zikawa zinapita sizioni.

Sasa, palikuwa na kitabu kimoja kikubwa kuliko vyote, cha nakala. Zamani hakukuwa na mashine za kutoa nakala kama za leo. Barua iliandikwa kwa wino wa zambarau, ikalazwa kwenye ukurasa mwembamba uliolowanishwa kidogo, ikabanwa kwa chuma, na maneno yake yakabaki kitabuni. Barua yenyewe ikaenda zake. Karani wa zamani, marehemu mzee mmoja akiitwa Athumani, alikuwa na desturi yake. Wafanyakazi wengi hawakujua kuandika, basi walimwambia maneno, yeye akawaandikia barua za kwao, na kwa mazoea ya mkono akazibana kwenye kitabu kile kile cha kampuni. Kwa hiyo unakuta barua ya kuagiza pampu, nyuma yake mtu anamsalimu mama yake wa Kilifi, halafu barua ya kodi ya bandari, halafu mtu anauliza kama mtoto ameota meno.

Bwana Nurdin alipokifungua akakunja uso.

"Haya ya watu na mbuzi zao yanatafuta nini humu? Wageni watatucheka." Akafunga mlango, akatoa wembe mpya mfukoni akauweka mezani. "Kata kurasa hizi zote, taratibu, usiharibu zile za kazi. Ukimaliza, zichome kwenye pipa nyuma."

Nilisema, "Ndiyo, bwana." Ningesema nini? Alikuwa mtu mwema, na ndiye aliyeniajiri.

Siku ya pili yake, adhuhuri, wafanyakazi wote walikuwa wamekwenda kupumzika. Saa ile chumvini hukai nje, mwanga unakuchoma macho kutoka juu na kutoka chini. Nilikuwa peke yangu. Nimeweka rula juu ya ukurasa wa kwanza, nimeshika wembe, ncha imekwisha gusa karatasi.

"Mwanangu, usikate hapo."

Nikainua macho. Mlangoni alisimama mwanamke kijana, rika langu, au mdogo kwangu. Amevaa hando, ile sketi ya marinda mengi ya wanawake wa Kigiriama, nyeupe, na kitambaa kifuani. Siku zile wasichana walikuwa wamekwisha kuiacha hando, waliivaa wazee na wacheza ngoma. Lakini si hiyo iliyonishangaza. Kilichoniudhi ni kuitwa mwanangu na msichana kama mimi, wala hata kuniamkia hakuniamkia.

"Dada, hapa ni ofisini," nikamwambia. "Unamtafuta nani?"

"Namtafuta Kahindi. Yumo humo." Akaonyesha kitabu kwa kidevu. "Nisomee."

Akaketi chini sakafuni, miguu amenyoosha, mgongo ameutia ukutani, kama mtu aliyetembea mwendo mrefu akafika kwao. Nikautazama ukurasa uliokuwa chini ya rula yangu. Juu kabisa paliandikwa: Kwa mke wangu Dama, Matsangoni.

Ungefanya nini wewe? Mimi nilisoma. Barua ile naijua kwa moyo mpaka leo:

"Kwa mke wangu Dama. Salamu nyingi baada ya salamu. Mimi huku Gongoni ni mzima ila nyayo, chumvi inazila kama panya alavyo muhogo. Nimezipaka mafuta ya nazi uliyonipa, na karani anasema nanukia wali. Yule mbuzi mweupe usimuuze, hata akila makuti ya jirani. Mvua ikinyesha, chumvi yetu inayeyuka na wenzangu wanasikitika. Mimi nafurahi moyoni, maana chumvi ikiisha kazi imeisha, nami nitarudi nyumbani. Usimwambie mtu. Karani anacheka, nami nimemwambia aandike hivyo hivyo. Ni mimi mumeo, Kahindi."

Yule mwanamke alikuwa akicheka kabla sijafika panapochekesha. Nilipofika kwenye mbuzi, midomo yake ilikuwa imekwisha kusema mbuzi. Nilipomaliza akafumba macho, na uso wake ukawa kama wa mtu aliyeshiba.

"Ni babu yako?" nikamuuliza.

"Mume wangu huyo."

Nikatabasamu. Wagiriama huwapa wajukuu majina ya babu na bibi zao, na utani wa mjukuu na babu unajulikana pwani nzima, mjukuu wa kike humwita babu yake mume. Nikajiambia, huyu ni Dama mjukuu, bibi yake ndiye Dama wa barua. Hesabu yangu ikakubali, nikatulia.

"Ziko nyingi," akasema. "Nitakuja kesho."

Akainuka akatoka. Nami wembe nikautia kwenye droo. Nikasema, nitakata zile nyingine kwanza. Lakini kila niliyoifungua ilikuwa ya mtu, ana jina, ana mama yake. Sikukata hata moja.

Akaja kesho yake, adhuhuri vile vile. Na siku iliyofuata. Mimi nikawa namngoja, niamini, na nikamtandikia mkeka. Kahindi alikuwa na maneno yule bwana. Alimweleza mkewe kila kitu: mwenzake anayekoroma, samaki aliyemng'ata kidole, msimamizi aliyeanguka jarubani akatoka mweupe kama mkate wa unga. Alimuuliza mambo madogo madogo, kama paa la jikoni limezibwa, kama kikohozi cha mtoto kimepoa. Hakuna siri humo, wala jambo kubwa. Barua zile zilipelekwa na lori za chumvi zilizoteremka kwenda Kilifi, dereva akiziacha kwenye duka moja kando ya barabara pale Matsangoni, na mwalimu wa misheni akamsomea mkewe.

Barua moja ilinishinda. Ilikuwa ya mwaka wa mafuriko, mto Sabaki umejaa, pantoni ya kuvushia watu imefungwa, Kahindi ameshindwa kwenda kwao. Aliandika, "Jioni nikifumba macho nasikia," halafu wino ulikuwa umetawanyika ukawa doa kubwa la zambarau. Nikamwambia mgeni wangu, hapa hapasomeki. Akanitazama kwa huruma.

Siku ile alipoinuka kwenda aliegemea ukuta kidogo.

"Kesho sitakuja, mwanangu. Njia imekuwa ndefu. Uje wewe."

"Nije wapi?"

"Matsangoni. Uliza kwa Dama wa Kahindi. Uje na maneno yake."

Akatoka akaingia kwenye ule mwanga, na mimi macho yakanichoma nikayafumba. Nilipoyafumbua tuta lilikuwa tupu.

Jioni nikitoka nikasimama kwenye kibanda cha askari. Askari wetu alikuwa Mutua, mtu wa Ukambani, mpole, mwenye kusoma Biblia yake na asiyependa porojo. Nikamuuliza kama yule dada anayekuja adhuhuri anapandia wapi gari, nataka kwenda kwao.

"Dada gani?"

"Yule wa hando. Anapita hapa kila siku."

Mutua akafunga kitabu chake. "Hapa hakuna mtu anapitanga saa hiyo. Mimi sitoki hapa. Nakuonanga kwa dirisha ukisoma kwa sauti, uko peke yako, saa ingine unacheka. Nilifikiri ndiyo kazi yako iko hivyo."

Nilirudi ofisini mbio. Sakafu ya ofisi ile ilikuwa ya saruji nyekundu, na kila aliyeingia kutoka nje aliacha nyayo nyeupe za chumvi. Mimi mwenyewe nilifagia kila asubuhi. Nikainama. Nyayo zangu zilikuwapo, kutoka mlangoni mpaka kitini. Za Bwana Nurdin, aliyechungulia asubuhi, zilikuwapo. Kutoka mlangoni mpaka kwenye mkeka hapakuwa na kitu, sakafu safi kama sahani iliyooshwa.

Usiniulize nilifikaje nyumbani. Nilisoma Ayatul Kursi njia nzima, mpaka abiria aliyekaa karibu nami akaanza kuisoma naye. Usiku sikulala. Mama yangu aliponiona asubuhi akanitoa maneno, nikamweleza habari ya mgeni wangu. Nilidhani atanikataza kurudi kazini. Mama akakoroga chai, akafikiri.

"Alikuja kukudhuru?"

"Hapana."

"Alikuita kwa ubaya?"

"Aliniita mwanangu."

"Basi nenda," akasema. "Mtu aliyekuja kwako kwa adabu, nawe umwendee kwa adabu. Ukae ukimngoja arudi, ndiyo heri?"

Nikamwendea Bwana Nurdin. Sikumtajia mzuka, nilimwambia tu ipo familia Matsangoni inayotaka kusikia barua za mzee wao. Akasema kitabu hakitoki ofisini, na wageni wamekaribia, na mbona pipa halijachomwa kitu? Nikamwomba siku moja tu. Akanitazama, labda aliona sura yangu.

"Siku moja. Ukirudi, wembe."

Nilikaa kwenye taipureta mpaka vidole vikauma. Nilizipiga barua za Kahindi zote, neno kwa neno, na pale penye doa nikatia nukta. Kisha nikaomba kupanda lori la chumvi linalokwenda Kilifi. Dereva alikuwa kijana wa Lamu, Salim, mtu wa maneno machache. Hakuniuliza ninakwenda kwa nani. Aliniambia tu, "Kaa upande huu, ule mwingine mlango haufungi vizuri," na tukavuka daraja la Sabaki, tukapita Malindi, mimi nimeikumbatia bahasha kama mtoto.

Matsangoni aliniteremsha kando ya barabara, akasema atanipitia akirudi. Niliuliza mara moja tu. Mwanamke aliyekuwa akichuma majani ya muhogo akasema, "Kwa hawe Dama? Ndiko kwetu. Mimi ni Mbeyu, mke wa mwanawe." Hawe ni bibi kwa Kigiriama. Tukapita kwenye mikorosho mpaka nyumba ya udongo iliyofagiliwa vizuri uwanjani. Njiani Mbeyu akanionya.

"Utamkuta kalala. Miguu haimchukui tangu mvua za mwaka jana, na macho yamekwisha. Na siku hizi ametutia wasiwasi. Kila adhuhuri analala usingizi hauamshiki, mwili unapoa, tunadhani amekwisha kwenda. Halafu anaamka anacheka. Ukimuuliza alikuwa wapi, anasema chumvini."

Miguu yangu ikasimama. Mbeyu akageuka kunitazama. Nikaendelea kutembea, na tulipofika mlangoni nikapiga hodi kwa sauti ndogo.

Ndani ikatoka sauti nzito ya kizee. "Mpisheni huyo mwenye sauti ya kusoma."

Alikuwa kizee mdogo sana juu ya kitanda cha kamba, amefunikwa leso mbili, macho meupe yakitazama paa. Sikumtambua kwa sura. Kidevu ndicho nilichokitambua, vile alivyokiinua kunielekea, kama alivyokielekeza kwenye kitabu.

"Shikamoo, hawe," nikasema.

"Marahaba, mwanangu. Sasa umejua kwa nini sikukuamkia." Akacheka kidogo. "Na ule wembe, umeuweka wapi?"

Sikiliza hapo vizuri. Habari ya wembe tulikuwa tukiijua watu wawili, mimi na Bwana Nurdin, aliyefunga mlango kwa mkono wake kabla ya kunipa. Hata mama sikumtajia.

"Uko kwenye droo, hawe."

"Ukae huko huko."

Nilitaka kukimbia, sikufichi. Lakini akapapasa kitandani akaushika mkono wangu, na mkono wake ulikuwa wa moto, mkono wa mtu hai, una sugu za jembe na mchi. Woga ukanitoka taratibu. Nikakaa, na Mbeyu akakaa, na majirani wawili watatu wakaingia wakajiegemeza mlangoni. Nikasoma.

Hawe Dama alinieleza katikati ya barua hii na ile. Barua zenyewe alikuwa nazo miaka mingi, ndani ya kikapu. Kahindi alirudi nyumbani akaishi naye mpaka akazeeka, akafa kifo cha kawaida, na yeye akabaki na kikapu. Halafu jiko likashika moto, nyumba ikaungua, kikapu kikaungua. "Uso wake nilikuwa nao," akasema. "Maneno ndiyo yaliyokuwa yakinitoka. Naamka, moja halipo. Kesho jingine halipo. Nikasema, siendi kwa Kahindi mikono mitupu. Atanicheka."

Nilipofika kwenye ile barua ya mafuriko, nikasoma, "Jioni nikifumba macho nasikia," nikanyamaza kwa sababu ya doa.

Akaendelea yeye, polepole, kama anayeiokota sentensi chini. "Nasikia mchi wako ukitwanga, na kwa mlio wake najua kama umechoka au hujachoka."

Mbeyu akajifuta macho kwa ncha ya leso. Akaniomba nimsomee tena ile ya mbuzi, nikamsomea, akacheka mpaka akakohoa, na safari hii alilala usingizi wa kawaida, mdomo wazi, akikoroma. Mbeyu akamgusa paji la uso. "Ana joto," akasema, na akaachia pumzi kama mtu aliyetua mzigo.

Salim alinipitia kama alivyoahidi. Nikarudi Gongoni, na kesho yake kitu cha kwanza nilikichukua kitabu nikakipeleka mlangoni, nikauinua ukurasa ule wenye doa uelekee jua. Kwa mwanga wa chumvini, ule mkali, wino wa chini ulijitenga na wino wa juu. Mchi wako. Umechoka au hujachoka. Yote yalikuwapo.

Bwana Nurdin nilimweleza kila kitu, sikuacha. Alikuwa mtu wa hesabu, alisikiliza huku akitikisa kichwa na kutabasamu, mpaka nilipofika kwenye wembe.

"Aliuliza wembe?"

"Aliuliza umewekwa wapi."

"Ana mtu wake anayefanya kazi hapa?"

"Hana."

Akaenda dirishani akasimama akitazama majaruba kwa muda. Mwishowe akasema, "Acha kitabu kama kilivyo. Wageni wakiuliza, nitawaambia karatasi ni nyembamba mno, haikatiki." Akatoka, na habari ile hakuitaja tena mpaka anastaafu.

Wageni wa Nairobi wakaja, mama mmoja mwenye miwani na bwana mmoja mwenye mkoba. Barua za pampu na za magunia walizipekua vizuri, kwa heshima, wakiandika andika. Kisha yule mama akafika kwenye ukurasa wa mbuzi mweupe. Akacheka peke yake. Akamwita mwenzake. Wakavuta viti, chai yao ikapoa, chakula cha mchana kikapita, na Bwana Nurdin akawa anaingia na kutoka hajui la kufanya. Walipoinuka waliomba jambo moja tu, kitabu kisivunjwe. Wakanifundisha namna ya kukilaza, karatasi gani ya kukifungia, na nikiweke mbali na upepo wa baharini. Kiwanda kikatoa chumba mjini kwa ajili ya karatasi zile, nami nikakaa nazo maisha yangu yote ya kazi. Watu wakasikia. Wakawa wanakuja kutoka Kilifi, kutoka Ganze, kutoka Magarini, mmoja mmoja, wakiuliza kama baba yao yumo. Wengi walikuwamo.

Hawe Dama hakulala tena usingizi ule wa adhuhuri. Aliishi mpaka korosho zikavunwa, na nilimtembelea kila Salim alipokuwa na safari ya kule. Alipofariki nilikwenda matangani. Mbeyu aliniambia siku ya mwisho alizisema barua zote mwenyewe, toka ya kwanza, bila kusomewa, halafu akaomba maji.

Na hizo safari za lori, usidhani zilikuwa nyingi bure. Salim ndiye baba wa watoto wangu. Alipopewa njia ya Nairobi aliniandikia kila wiki, maneno machache machache kama yeye mwenyewe, na zote ninazo.

Ila kuna kitu kilichobaki kwangu tangu wakati ule, na sikuomba kiondoke. Siwezi kusoma barua ya mtu kimya kimya. Lazima niitoe kwa sauti. Na mara moja moja, saa za jua la utosi, nikiwa nasoma ya mtu ambaye hajauliziwa na yeyote miaka mingi, nasikia pembeni pumzi ikivutwa, ile ya mtu anayesikiliza asitake kukatiza. Sigeuki. Namsomea mpaka mwisho, halafu namtaja jina mwandishi mara mbili, na pumzi ile inatulia. Watoto wangu wanasema ni upepo. Sawa, na iwe upepo.

Lakini wewe mwenye sanduku la karatasi za wazee chini ya kitanda, au uliyepewa ofisi ya zamani uisafishe, nakuusia. Usiseme hazina mwenyewe. Kabla hujawasha kiberiti, uliza kwanza kama yupo anayezitaka. Uliza kwa sauti, mchana, mlango ukiwa wazi. Na ukijibiwa, usikimbie. Vuta kiti, ukae, usome.